Kelele za kwenye kona: historia ya jointi ya CV, kutoka kwa Robert Hooke hadi gereji za Bombolulu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na kompyuta, lakini leo tuache kibodi kidogo tuingie chini ya gari. Msiwe na wasiwasi. Huko nako kuna hesabu, kuna watu waliokesha wakitafuta suluhisho, na kuna hitilafu zisizotaka kubahatishwa.

Mada yetu ni jointi ya CV, ile inayopeleka nguvu za injini kwenye tairi za mbele huku tairi hizo zikikata kona na kuruka matuta. Hizo herufi mbili ni kifupi cha Kiingereza chenye maana ya mwendo usiobadilika. Hapa Bombolulu, ukishavuka daraja la Nyali ukashika barabara ya Malindi, gari la fowili linalolia ta-ta-ta-ta kwenye kona ni jambo la kawaida. Barabara kubwa ni lami, lakini ukichepuka kuingia mitaani unakuta mchanga, mashimo, na wakati wa masika madimbwi yanayoficha mawe. Kwa mtu anayetoa mzigo shambani kuuleta soko la Kongowea, fowili si anasa. Likisimama gari, imesimama riziki.

Hoja yangu leo ni moja. Kila aina ya jointi ilibuniwa kutatua tatizo fulani, na ikichakaa, ni tatizo lile lile la zamani linalorudi kukupigia kelele. Ukiijua historia yake, masikio yako yanaweza kukuokolea pesa nyingi.

Tuanze na msalaba

Ukitaka fimbo moja izungushe nyingine huku zimeunganishwa kwa pembe, njia ya zamani ni kuweka msalaba katikati. Ulaya watu wengi huiita jointi hiyo kwa jina la Gerolamo Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16. Mwingereza Robert Hooke aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1676 kuhusu vyombo vya kutazamia jua. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya jointi ya namna hiyo iliyofunikwa vizuri kwa ajili ya magari, wakati magari mengi yalikuwa bado yanavutwa kwa minyororo kama baiskeli. Ukilala chini ya lori lolote leo utauona msalaba huo kwenye propela shafti.

Lakini msalaba una kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kihesabu. Chukua shafti ya kwanza izunguke mara 100 kwa dakika bila kubadilika. Ikunje jointi digrii 30. Shafti ya pili haizunguki sawasawa: inapanda hadi kama 115, inashuka hadi kama 87, inapanda tena, inashuka tena, yote hayo ndani ya mzunguko mmoja. Kunja hadi digrii 40 na mabadiliko yanakuwa kati ya 77 na 131 hivi. Wastani unabaki 100, lakini tairi inasukumwa na kushikwa, inasukumwa na kushikwa.

Kwenye propela shafti dawa yake ni kuweka misalaba miwili, mmoja ukifuta makosa ya mwingine. Kwenye tairi ya mbele hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu nafasi ni ndogo na pembe hubadilika kila unapozungusha usukani. Land Rover nyingi za Series, zile ngumu zilizotembea kote Kenya kabla na baada ya uhuru, zilikuwa na jointi ya msalaba mbele. Ukiingiza fowili ukakata kona kali, unausikia usukani ukitikisika mikononi. Zilivumilika kwa sababu fowili yake ilikuwa ya kuingiza na kutoa, si ya muda wote.

Gololi sita za Rzeppa

Katika miaka ya 1920 watu kadhaa walilishambulia tatizo hili karibu kwa wakati mmoja. Ufaransa, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walitoa jointi yao ya Tracta mwaka 1926, na mwaka uliofuata gari lenye jointi hiyo likashiriki mbio za Le Mans. Marekani, mhandisi wa Ford aitwaye Alfred Rzeppa alikuja na wazo ambalo ndilo lililoko kwenye magari mengi yaliyopaki nje ya nyumba zenu.

Wazo la Rzeppa ni hili. Weka bakuli la chuma, ndani yake weka kitu cha mviringo, na vyote viwili vichongwe mifereji sita inayotazamana. Katika kila jozi ya mifereji weka gololi moja ya chuma. Gololi zote zishikwe na kizimba kimoja. Siri iko hapo kwenye kizimba na umbo la mifereji: jointi ikikunjwa kwa pembe yoyote, gololi zinalazimika kukaa katikati kabisa, kwenye mstari unaoigawa pembe hiyo sawa kwa sawa. Zikikaa hapo, shafti zote mbili zinaziona kwa umbali ule ule, na mwendo unapita bila kubadilika. Mimi kama mwandika programu napenda suluhisho la namna hii. Kosa halirekebishwi baada ya kutokea, umbo lenyewe linalizuia lisitokee.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyozieneza sana jointi hizi. Jeep za Willys na Ford, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1941 na kufikia zaidi ya laki sita, zilitumia aina kadhaa za CV mbele, Rzeppa na Tracta zikiwemo. Baada ya vita, gari dogo la Uingereza, Mini ya mwaka 1959, likaipeleka Rzeppa kwa watu wa kawaida. Jointi zake zilitoka katika kundi la viwanda la Birfield, na mpaka leo wenye Land Cruiser za zamani duniani kote huiita jointi ya nje Birfield, hata kama hawajui jina limetoka wapi.

Kutoka Uingereza teknolojia ikaenda Japani. Kampuni ya NTN ilichukua leseni ya Waingereza mwaka 1963, na mwaka 1966 Subaru 1000 ikatoka na jointi mpya upande wa ndani, karibu na giaboksi. Hapa kulikuwa na tatizo la pili. Tairi ikipanda na kushuka, umbali kati yake na giaboksi hubadilika, kwa hiyo shafti lazima iweze kurefuka na kufupika ikiwa inazunguka. Jointi ya ndani ya Subaru iliruhusu gololi kuteleza mbele na nyuma. Ufaransa nako kampuni ya Glaenzer Spicer ikaja na jointi ya miguu mitatu yenye roli, inayoteleza vilevile.

Shikeni hayo mawili. Jointi ya nje ilizaliwa kwa ajili ya pembe. Jointi ya ndani ilizaliwa kwa ajili ya kuteleza.

Namna ilivyofika kwetu

Mwaka 1972 Subaru ilitoa Leone ya fowili, gari la familia lenye uwezo wa kupita matope. Mwaka 1980 gari hilo lilikuja Kenya kwa mashindano ya Safari Rally, likamaliza la 18 kwa jumla na kushinda katika Kundi la 1. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Subaru kuingia mashindano ya dunia ya rali, na ilikuwa kwenye vumbi letu.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya uchumi ikafunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandari ya Kilindini kwa wingi. Prado, RAV4, Forester, Hilux, nyingi zina shafti za mbele zenye jointi mbili kila upande. Sheria ya Kenya inazuia gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo wanunuzi wengi huchukua la miaka saba. Watu huhesabu miaka hiyo kwa injini na rangi. Mimi nawaomba muihesabu pia kwa mpira.

Mpira ule mweusi wenye mikunjo, unaofunika jointi, ndio mwanzo na mwisho wa habari hii. Jointi yenyewe ni chuma kigumu sana na ikikaa ndani ya grisi yake inaweza kudumu kuliko gari. Ila mpira ukipasuka, kila mzunguko unarusha grisi nje, na mchanga na maji vinaingia. Mchanga wa Bombolulu uliochanganyika na grisi ni msasa. Chuma kilichochongwa kwa ustadi wa miaka mia moja kinasagwa kwa sababu ya ufa kwenye mpira wa bei ya chini.

Kusikiliza

Jirani yangu mmoja ana pikapu ya fowili ya kuingiza na kutoa. Ilianza kulia mbele. Gereji ya kwanza ikambadilishia beringi ya tairi, kelele ikabaki. Gereji ya pili ikamwambia anunue shafti mbili nzima. Huyu ni mtu wa kulipa karo kwa pikapu hiyo hiyo. Nilimwambia, kaka, kabla hujatoa shilingi nyingine tufanye kama tunavyotafuta hitilafu kwenye programu: tugawe tatizo katikati, nusu moja tuifute, tuendelee na nusu iliyobaki.

Tulienda kwenye uwanja wa mchanga. Msijaribu kuikatisha fowili ya namna hii kona kali kwenye lami, mitambo itakazana bure. Bila fowili, usukani umezungushwa hadi mwisho, kimya. Kwa fowili, ta-ta-ta-ta. Beringi ingelia pande zote mbili za jaribio, kwa hiyo ikafutwa pale pale. Kelele ilizidi tukikata kulia, na kwenye kona tairi ya nje ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo macho yakaenda kushoto. Ndani ya ringi ya kushoto kulikuwa na grisi imerukia kote. Mpira wa nje ulikuwa umechanika. Upande wa kulia mpira ulikuwa na nyufa tu, grisi bado safi.

Ukiwa na kelele zako mwenyewe, fuata mpangilio huu:

1. Inagonga haraka haraka kwenye kona, na ukikanyaga mafuta inazidi: jointi ya nje. Lile tatizo la pembe limerudi.

2. Gari linatetemeka ukiongeza mwendo barabara iliyonyooka, ukiachia mafuta linatulia: kwanza shuku jointi ya ndani. Lile tatizo la kuteleza limerudi, mifereji imekula vidimbwi na roli zinakwama humo.

3. Mvumo unaopanda na mwendo wa gari, ukikanyaga ama usikanyage: hiyo zaidi ni beringi au tairi.

4. Inagonga kwenye matuta tu, hata ukienda moja kwa moja: tazama bolijointi na mikono ya sapensheni kabla ya kuisingizia CV.

Kwa gari la fowili ya muda wote, kama Prado nyingi, huwezi kuitoa fowili, kwa hiyo tegemea zaidi kona na macho.

Kutengeneza

Mpira ukiwa na nyufa na jointi haina kelele, badilisha mpira sasa. Nati kubwa ya katikati ilegezwe gari likiwa bado chini, kisha ndipo jeki. Shafti isivutwe kwa nguvu kwa kuishika katikati, jointi ya ndani inaweza kuachana. Kabla ya kufungua gololi, fundi aweke alama ya rangi ili kila kitu kirudi kilipotoka. Vioshwe hadi ving'ae, kisha pitisha ukucha kwenye mifereji. Ukucha ukikwama kwenye kidimbwi, jointi hiyo imekwisha na grisi haitaifufua. Ukipita laini, jaza grisi nyeusi ya molibidenamu inayokuja na mpira, isiwe grisi ya kawaida, na ufunge kwa klipu zake. Waya wa kufungia utakata mpira mpya baada ya siku chache.

Kuna ujanja mmoja wa Land Cruiser za mhimili mzima. Gari huenda mbele zaidi ya kurudi nyuma, kwa hiyo kila mfereji huliwa upande mmoja. Jointi zikiwa zimechakaa kidogo tu, mafundi huhamisha ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, na upande ambao haujaliwa ndio unaoanza kubeba mzigo. Hazigeuki mpya, lakini zinakupa muda.

Pikapu ya jirani ilinunuliwa jointi moja ya nje ya kushoto, na upande wa kulia ukapata mpira na grisi. Shafti mbili nzima hazikuhitajika.

Jumamosi moja kila mwezi, zungusha usukani hadi mwisho, chutama, umulike nyuma ya tairi kwa tochi ya simu. Dakika mbili zinatosha. Ukiona mpira mkavu na mzima, endelea na safari. Ukiona weusi unaong'aa ndani ya ringi, mwite fundi siku hiyo hiyo, kabla mchanga haujamaliza kazi yake.