Injini Inayosubiri Spana

Anayefungua injini ya Triumph ya miaka ya 1950 kwa mara ya kwanza hukwama kabla hajaiona pistoni. Spana moja ya milimita inacheza kwenye bolti, inayoifuata kwa udogo haiingii. Bolti nyingine zinafuata vipimo vya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 hesi zote ziwe na pembe ya nyuzi 55, na spana zake huandikwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa chake. Nyingine ni hesi za baiskeli, mizunguko 26 kwa inchi, urithi wa Coventry, mji uliotengeneza baiskeli kabla ya pikipiki. Mchanganyiko huo hutajwa mara nyingi kama dalili ya uzembe ulioviua viwanda vya pikipiki vya Uingereza. Mimi nausoma kwa namna nyingine. Ukiifungua injini hadi mwisho unakuta ndani yake picha ya mtu ambaye mtengenezaji alimtarajia aje kuifungua, na mtu huyo ndiye aliyetoweka kwanza, viwanda vilimfuata.

Ushahidi mzuri zaidi umefichwa ndani ya krenki. Edward Turner, mbunifu wa Triumph, alipoitoa Speed Twin mwaka 1937, injini ya silinda mbili yenye ukubwa wa sisi 500, ilikuwa nyepesi na nyembamba kiasi kwamba washindani wake walitumia miaka iliyofuata kuiiga: BSA ilileta A7 mwaka 1946, Norton ikaleta Dominator miaka michache baadaye. Lakini injini za ukoo huo wa Triumph hazikuwa na filta ya oili ya kubadilisha kama tunavyoijua leo, ila wavu wa kuzuia vipande vikubwa. Uchafu mwembamba ulikusanywa na mrija uliopita katikati ya krenki: krenki ikizunguka, taka nzito hutupwa pembeni na kugandamana humo kama tope. Ni ujanja mzuri, usio na kifaa cha kununua. Ila tope hilo halitoki mpaka injini ishushwe, kasha lipasuliwe, krenki itolewe na mrija uchokolewe. Mtu anayechora kitu cha namna hiyo haoni kuifungua injini yote kuwa ni msiba. Anaiona kuwa ni sehemu ya maisha ya pikipiki, kama kufua ni sehemu ya maisha ya nguo. Masizi kwenye kichwa cha silinda nayo yalikwanguliwa nyumbani, na mwenye pikipiki aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani, anayempakia mkewe nyuma au kwenye kigari cha ubavuni, alikuwa na spana hizo za Whitworth tayari kwa sababu ndizo alizoshika kazini.

Mwaka 1959 lilitoka gari dogo la Mini, na mfanyakazi yule akaanza kuhamia kwenye magurudumu manne, juu yake paa. Waliobaki kununua pikipiki kubwa walikuwa vijana na watu wa starehe, wasiotaka kuchafua mikono Jumapili. Honda iliwaelewa. CB750 yake ya mwaka 1969 ilikuja na silinda nne, stata ya umeme, breki ya diski mbele, na kasha lililogawanywa kwa mlalo. BSA na Triumph walikuwa wametangulia kwa mwaka mmoja na pikipiki zao za silinda tatu, lakini hizo bado zilihitaji teke la kuwashia. Septemba 1973 wafanyakazi wa Triumph waliikalia karakana ya Meriden kuzuia isifungwe, wakaiendesha kama ushirika tangu 1975, na mwaka 1983 ikafungwa kweli.

Fundi yeyote atanipinga hapo: injini za Kiingereza zilivuja oili, na hakuna falsafa inayofuta doa sakafuni. Ni kweli, zilivuja. Kosa hutupiwa kasha lililopasuliwa wima, eti oili hukaa juu ya mshono. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Super Cub ya Honda ya mwaka 1958, iliyouzwa kwa mamilioni, nayo imepasuliwa wima na haina sifa hiyo mbaya. Sababu ziko kwingine. Pistoni za Turner hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kila zikishuka zinasukuma hewa ya ndani ya kasha kama bomba la baiskeli, na kipumulio kikizidiwa hewa hiyo hutafuta njia kwenye gasketi. Kisha kuna uchoyo: mchoro wa sisi 500 ulitanuliwa ukawa 650, na mwaka 1973 ukawa karibu 750, huku mashine za kuchonga zikizeeka. Hapa lawama ni ya wenye mali, nami sina haja ya kuwatetea.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kusifu injini ya kufunguliwa ni kuipamba shida. Jibu walilitoa Honda wenyewe. Injini zao ndogo zenye kamshafti juu ya kichwa zilipofika katika nchi za Asia ambako pikipiki hubeba mizigo kupita kiasi na oili hukaa bila kubadilishwa, sehemu za juu ziliisha mapema. Mwaka 1976 wakatoa CG125, na ndani yake wakarudisha fito za kusukuma vali, mbinu ile ile ya Turner, kamshafti ikiwa chini karibu na oili, ikizungushwa kwa gia, bila cheni ya kulegea. Walirudi nyuma kwa makusudi, baada ya kuuliza tena ni nani atakayeishika hiyo spana. Viwanda vya China vikaiiga, na nakala zake ni nyingi miongoni mwa bodaboda za Afrika Mashariki. Fundi wa chini ya mwarobaini huifungua kwa spana chache za milimita juu ya gunia, na anapoyatenganisha makasha, mshono anaoufuata unashuka wima katikati ya injini, kama ule wa mwaka 1937.