Alama za Askari wa Vita Kuu Katika Handeni na Korogwe

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vitu vidogo vya madini, yaani nishani na alama za askari. Watu wengi ulimwenguni hukusanya vitu hivi, hasa vya Wadachi, na wengine huvinunua kwa bei kubwa. Sisi wa Handeni na Korogwe yatupasa kuvijua, maana vita ilipita milangoni petu.

Wadachi walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Vita Kuu ilipotokea mwaka 1914, reli hiyo ikawa njia ya majeshi. Hata mwaka 1916 Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza akashuka kutoka Kilimanjaro akiufuata mto Pangani, na Wadachi chini ya Meja Kraut wakarudi nyuma. Mwezi wa Juni Korogwe ilitwaliwa, kisha Handeni. Na tarehe 24 mwezi huo majeshi yakapigana penye mto Lukigura, kusini ya Handeni.

Je, askari Mwafrika wa Wadachi alitambulikanaje? Alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kitambaa cha kaki, na mbele yake palikuwa na tai wa madini. Wenye cheo, kama ombasha na shaushi, walikuwa na tepe nyekundu katika mkono wa kushoto. Mdachi aliyesifiwa kwa ushujaa huenda alipewa Msalaba wa Chuma, mweusi, wenye ukingo wa fedha, na juu yake umeandikwa mwaka 1914.

Wanafunzi, hapa pana fundisho. Msalaba huo ulianzishwa Prussia mwaka 1813, ukatolewa tena mwaka 1870, na 1914, na 1939. Lakini alama ya shambulio ya askari wa miguu, yenye tai na bunduki, ilianzishwa Desemba 1939, wakati wa vita ya pili. Tai huyo ameshika msalaba uliopindwa ncha, alama ambayo chama cha Hitler kiliitwaa mwaka 1920. Basi mtu akikwambia kwamba ameifukua katika handaki la mwaka 1916 huko Handeni, ama adanganya, ama amedanganywa. Kitu hakiwezi kuzikwa kabla ya kuzaliwa.

Lakini liko neno kubwa kuliko hilo. Kutoka Mombo hata Handeni Wadachi walitandika reli ndogo ya vigari vya mizigo. Kupita Handeni, mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Waingereza nao waliwachukua wapagazi wengi mno. Waliokufa upande wao katika vita nzima wakadiriwa karibu 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi wala si risasi. Mpagazi hakuvaa tai, wala hakupewa msalaba. Kariakoo ya Dar es Salaam yalichukua jina lake kutoka katika kikosi chao, lakini wengi wapitao pale sokoni hawajui. Basi mwenye sanduku lililojaa nishani ana nusu tu ya habari za vita.

Tufanye nini? Wazee walioiona vita ile wamekwisha kufa. Waliobaki ni wajukuu na vitukuu wao, ambao husimulia waliyoyasikia. Ukiokota kifungo au tai shambani, usikisugue kwa mchanga kipate kung'aa, wala usikimbilie kukiuza. Andika kwanza mahali ulipokiona, na siku, na maneno ya wazee juu ya mahali pale. Alama isiyo na habari zake ni kipande cha chuma tu. Kama ni risasi au kombora, usiiguse kabisa. Kawaambie wakubwa wa kijiji.

Kisha uliza nyumbani mwenu: Je, katika ukoo wetu nani alichukuliwa kubeba mizigo? Alikwenda wapi? Alirudi? Liandike jina lake katika daftari. Tai wa Wadachi watatunzwa na matajiri wa mbali. Jina la babu yenu halina mtunzaji ila ninyi.