Darasa jeusi na buli la chai

Najua nimepotea, majaribio yalifuatana mpaka nikasahau hata kufua. Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya kantini. Nina historia, na msishangae, mwalimu mtarajiwa wa History nisipoandika historia nitaandika nini? Ila safari hii historia yenyewe haikutoka maktaba. Imeanzia hapa hapa geto, usiku wa Jumatano, mbele ya kompyuta ya mshikaji ninayeishi naye.

Yeye anasoma usanifu majengo, mimi ualimu. Mradi wake wa semesta ulikuwa shule ya msingi: madarasa sita, ofisi, vyoo na uwanja wenye mti katikati. Alhamisi saa tatu asubuhi alitakiwa asimame mbele ya juri, picha zake zikiwa zimebandikwa ukutani. Sasa kwa wenzangu na mimi tusiojua mambo ya watu wa studio: wale hawachori tu. Wanajenga modeli ya jengo ndani ya programu, wanaweka jua, rangi na vioo, halafu wanaiacha kompyuta ipige hesabu za mwanga mpaka itoe picha utakayodhani imepigwa kwa kamera. Hiyo kazi ya mwisho wenyewe wanaiita kurenda.

Saa nne usiku picha ya kwanza ikatoka. Kuta mbili za darasa nyeusi tii. Sakafu ya veranda ina vipande vipande kama bati lililoliwa na kutu, na ukiizungusha modeli vinachezacheza. Kila mahali pengine pamejaa chembechembe, kama mtu kamwaga mchanga juu ya picha.

Akampigia kaka mmoja wa mwaka wa mwisho, mtaalamu anayesifika block nzima. Simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia mwenyewe: "Mdogo wangu, sisi tuliteseka wenyewe. Na nyie teseka." Ikakatwa.

Mshikaji akanigeukia. "Mwanangu, hapa nakamata sapu."

Mimi sikujua lolote kuhusu kurenda. Lakini kusoma najua. Nikanunua bando, tukagawana kazi: yeye anajaribu, mimi nasoma. Mpaka kunakucha nilikuwa nimegundua kitu kilichonifurahisha kweli: kila kasoro kwenye ile picha ina babu yake. Kuna mtu aliwahi kukaa na swali hilo hilo, akalijibu, kisha akalichapisha ili wengine wasianze sifuri.

Tuanze na kuta nyeusi.

Mwaka 1963 kijana mmoja wa MIT kule Marekani, Ivan Sutherland, alimaliza shahada yake ya uzamivu kwa programu iliyoitwa Sketchpad. Ulikuwa unashika kalamu ya mwanga, unachora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Ajabu ya wakati ule! Ila ilikuwa ni mistari tu. Mstari hauna mbele wala nyuma. Ukuta unazo zote mbili, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Mwaka 1968 Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Utah, alikokuwa David Evans, na wanafunzi wa pale ndio waliobeba maswali yanayoonekana ya kitoto. Kompyuta itajuaje upande upi wa kitu unatazama taa? Itajuaje kipi kiko mbele? Mwaka 1971 Henri Gouraud, Mfaransa, alitoa njia ya kulainisha rangi juu ya umbo ili lisionekane limeungwa vipande. Mwaka 1973 Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, akaenda mbele zaidi, akapata hata ule mng'ao mdogo unaouona kwenye kitu laini. Phong alifariki mwaka 1975, akiwa na miaka thelathini na kitu tu. Jina lake mpaka leo limo ndani ya programu za kurenda, watu wanalibofya bila kujua kwamba alikuwa mwanafunzi kama sisi.

Njia zao zote zinategemea kitu kimoja kinachoitwa nomali. Ni mshale usioonekana unaotoka kwenye kila uso wa modeli, kuiambia kompyuta huu ndio upande wa nje. Mshale ukigeuka, kompyuta inaweza kuamini kwamba jua linapiga mgongo wa ukuta, na ukuta ukatoka mweusi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mshikaji alikuwa ameongeza taa kwa saa nzima, taa juu ya taa, kumbe kuta zimegeuka tu! Programu nyingi zina namna ya kuonyesha pande mbili za uso kwa rangi tofauti. Tukawasha hiyo, tukazikamata zilizogeuka, tukazigeuza. Dakika mbili. Nilicheka, yeye hakucheka.

Veranda sasa. Swali la kipi kiko mbele lilijibiwa na wengi, lakini jibu lililokuja kutawala lilikuwa kwenye tasnifu ya Ed Catmull, Utah hiyo hiyo, mwaka 1974. (Ndiye huyo aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, mnaopenda katuni mnaijua.) Wazo lake ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hukuliwaza wewe: kwa kila nukta ya kioo, kompyuta ikumbuke umbali wa kitu kilichochorwa hapo. Kikija kingine kilicho karibu zaidi, kinachukua nafasi. Kikiwa mbali, kinaachwa. Lakini vikilingana je? Hapo makosa madogo ya desimali ndiyo yanayoamua, nukta hii anashinda huyu, nukta ya jirani anashinda yule, na wewe unaona vipande vinavyogombana. Programu za leo zinazofuata miale ya mwanga zina njia yake nyingine, lakini nyuso mbili zilizolala pamoja zinazisumbua vilevile.

Mshikaji alikuwa ameweka sakafu ya veranda na ardhi ya uwanja kwenye kimo kimoja. Nikamwambia, kaka, hata fundi wa kijijini kwetu hajengi hivyo, masika maji yote yataingia darasani. Akanyamaza kidogo. Akainyanyua sentimita 15. Vipande vikaisha, na shule ikapata kizingiti ambacho ingekihitaji hata kama kompyuta isingelalamika.

Zikabaki chembechembe. Hapa historia inahamia kidogo. Karibu na mwaka 1980 Turner Whitted wa Bell Labs alionyesha jinsi ya kufuata mwale wa mwanga kinyumenyume, kutoka jichoni kwenda kwenye kitu, na kutoka hapo kwenda kwenye taa. Picha moja ilichukua zaidi ya saa moja. Mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja unaoeleza mwanga wote ndani ya tukio, na njia ya kuukadiria kwa kurusha miale kwa bahati nasibu. Chembechembe ni bahati nasibu hiyo: miale bado michache. Na hesabu yake ni ya kikatili. Ukitaka chembe zipungue nusu, lazima uongeze miale mara nne. Sasa hesabuni wenyewe, kompyuta yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga, saa sita usiku.

Tukafanya hivi: majaribio yote kwenye picha ndogo, robo ya upana na robo ya urefu. Nukta zinakuwa moja ya kumi na sita, na muda unapungua karibu hivyo hivyo. Picha kubwa inarendwa mara moja tu, mwishoni, na ile sehemu ya programu ya kusafisha chembe inawashwa.

Sasa nirudi Utah kidogo, kuna kitu nimekiruka makusudi.

Wale jamaa walikuwa na tatizo la vifaa. Ukivumbua njia mpya, unaijaribu juu ya nini? Maumbo hayakuwepo, ilibidi uyapime kwa mkono. Mwaka 1972 wanafunzi wa Sutherland walichora alama juu ya Volkswagen ya mke wake, wakaipima nukta kwa nukta kama mafundi cherehani. Mwaka 1975 Martin Newell alihitaji umbo zuri la kujaribia. Mke wake, Sandra, akamshauri achore vyombo vyao vya chai. Akachukua buli, akalichora kwenye karatasi ya grafu, akapata namba zake.

Halafu akazitoa. Hakuzificha! Yeyote aliyekuwa na njia mpya ya kurenda aliweza kuchukua buli lile lile, akaonyesha picha yake, na wote wakalinganisha. Na buli lina mtihani wa kutosha: lina mkono, lina mdomo, linajitupia kivuli lenyewe. Buli la kweli liko makumbusho ya kompyuta huko California, na namba zake ziko kila mahali, zimezeeka kuliko mimi na wewe.

Miaka mingi baadaye yakatokea kama hayo kule Uholanzi. Programu ya Blender, iliyoanzishwa na Ton Roosendaal miaka ya 1990, ilibaki yatima mwanzoni mwa 2002 kampuni yake ilipofungwa. Waliokuwa na haki nayo wakakubali kuiachia kwa euro 100,000. Watumiaji wakachangishana, zikapatikana kwa wiki saba, na Oktoba 13, 2002 msimbo wake ukafunguliwa kwa kila mtu. Ndiyo maana leo mwanafunzi wa Mbagala anaipakua bure, kihalali, bila kuchakachua chochote.

Kwa hiyo yule kaka aliyesema "na nyie teseka", nomali anazozijua yeye kapewa na nani?

Haya, saa kumi alfajiri. Picha ndogo ikatoka safi. Kuta nyeupe, veranda imetulia, chembe hakuna. Ila nyuma ya darasa, madawati ya mstari wa mwisho, bado giza. Tukaangalia nomali, ziko sawa. Tukaongeza miale, giza lile lile.

Mshikaji akaanza kuweka taa ya siri kwenye kona, ile isiyoonekana kwenye picha. Nikamuuliza, "Hiyo taa ipo kwenye jengo?"

"Haipo. Ni ya picha tu."

Wadau, mwaka jana nilikuwa field ya kufundisha. Darasa langu lilikuwa na mstari wa nyuma kama ule. Watoto wa pale walikuwa wanainuka na madaftari, wanakuja mpaka mbele kunakili ubaoni, wanarudi, wanainuka tena. Nilidhani ni watundu, nikawa nawakemea. Wiki ya pili ndipo nikaenda kukaa dawati la mwisho mwenyewe. Sikuona kitu. Sijasahau ile aibu.

Nikamweleza. Akaitoa ile taa.

Usiku ule nilikuwa nimesoma habari za Donald Greenberg wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu wa usanifu majengo kabisa. Mwaka 1984 yeye na wenzake watatu walichukua hesabu za wahandisi wa joto, wakazitumia kukokotoa mwanga unavyodunda kutoka ukuta hadi ukuta. Cornell walijenga boksi la kweli, wakaliweka kando ya boksi la kompyuta, wakalinganisha. Swali lao lilikuwa: picha hii inasema kweli? Hilo ndilo swali letu pia. Kuta zilipokuwa nyeusi, picha ilikuwa inadanganya. Kona ilipobaki na giza baada ya kusafisha kila kitu, picha ilikuwa inasema kweli, na aliyekosea alikuwa mchoraji.

Kwa hiyo hakugusa programu tena, aligusa shule. Alifungua madirisha upande wa veranda, juu ya vichwa vya wapita njia. Ukuta wa nyuma aliokuwa ameupaka kahawia akaufanya mweupe, na dari vilevile, ili mwanga udunde. Picha ndogo. Kona ikafunguka. Picha kubwa ikaanza kurendwa saa kumi na moja, umeme ukatuhurumia, saa mbili kasoro tuko stationery tunaprinti.

Juri nilienda, nikasimama nyuma. Mwalimu mmoja aliuliza, "Mtoto wa dawati la mwisho anaona ubao?" Mshikaji akajibu bila kumeza mate. Amefaulu. Vyoo wamevisema sana, hivyo sina utetezi.

Jioni tuliandika karatasi moja, tukaibandika mlango wa studio:

1. Ukuta mweusi: angalia nomali kabla ya kuongeza taa.
2. Nyuso zinagombana: mbili ziko mahali pamoja. Futa moja au iinue.
3. Chembechembe: miale michache. Jaribu kwa picha ndogo kwanza.
4. Vitu vinaonekana vya ajabu ajabu: hakikisha kipimo ni mita, si milimita, na modeli haijakaa mbali sana na sifuri.
5. Ukishahakikisha yote na bado kuna giza: kosa ni la jengo.

Ijumaa nilipita pale. Yule kaka wa mwaka wa mwisho alikuwa amesimama, anaipiga picha kwa simu. Nikamsalimia, "Shikamoo kaka." Akaitikia huku anaangalia chini. Sikuongeza neno.

Haya wadau, nina seminar kesho na sijasoma hata ukurasa. Tuonane Mungu akipenda.