Kravati Ilipokuwa Makosa: Bana Masomo na Mavazi Yao

Leo tuzungumze juu ya kravati. Kila mwaka, wakati wa kutetea memuari ukifika, makundi ya WhatsApp ya wafinalisti hapa Kolwezi yanajaa swali moja: nani eko na kositimu ya kuazima? Kijana ambaye wazazi wake wamekazana miaka yote kulipa masomo, siku ya mwisho anaambiwa atafute tena vesti, kravati na viatu vyeusi, bila hivyo hatasimama mbele ya juri. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni lile lile: njo desturi ya muntu wa masomo, tangu bazee.

Hapo ndipo ninapokataa. Bazee gani? Wale waliosoma kati ya 1972 na 1990, katika nchi hii hii, hawakuwa na ruhusa ya kuvaa hiyo kravati. Ilikuwa nguo ya mkoloni, na aliyeifunga shingoni alihesabiwa kama mtu anayeipinga serikali. Tunaita desturi kitu ambacho kwa miaka 18 kilikuwa makosa.

Tuanze nyuma kidogo. Wakati wa Union Minière, nguo hapa kwenye shaba ilikuwa mtihani. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha karata ya sifa ya uraia kwa wale walioitwa evolue, kisha 1952 ikaja imatrikulasyo. Mtu aliyeomba alichunguzwa: anakula namna gani, nyumba yake iko namna gani, bibi yake anavaa nini. Vesti iliyopigwa pasi vizuri ilikuwa kama sehemu ya barua ya maombi. Na haikuwa upande wetu tu. Ng'ambo ya mpaka, kule Luanshya, J. Clyde Mitchell alitazama mwaka 1951 ngoma iliyoitwa Kalela, na 1956 akachapisha kitabu juu yake. Wachezaji walikuwa vijana wa mjini, wengi wafanyakazi wa kazi ndogo, lakini walicheza na suruali zilizonyooka na viatu vinavyong'aa. Kati yao mmoja alikuwa "daktari" mwenye joho jeupe, na kulikuwa na "mwuguzi" aliyezunguka na kioo na kitambaa, ili kila mchezaji ajitazame kama bado eko safi. Katikati ya ngoma, kioo! Mimi nikisoma hapo nacheka, halafu nakumbuka simu zetu zilizo upande wa kamera tukingoja kuingia oditwari.

Basi chuo kikuu kilipofunguliwa, Lovanium mwaka 1954 na kile cha Elisabethville 1956, mwanafunzi mweusi alikuta vesti na kravati vikimngojea. Aliyevaa hivyo alitaka kusema: mimi si boyi wa mtu. Ilikuwa na maana yake, siwezi kuidharau.

Lakini wanafunzi hao waliovaa vizuri walianza pia kusema vibaya, yaani kusema kweli. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, walitaka kuwakumbuka wenzao waliokufa. Mobutu alifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi wake jeshini. Fikirini: juma moja umevaa shati jeupe na kushika vitabu, juma linalofuata umevaa nguo za kijeshi na unapiga saluti. Mwezi Agosti mwaka huo vyuo vikuu vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA. Barua na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi, na sisi wa agronomia tukaishia Yangambi, mbali kabisa ndani ya msitu. (Watu wa agronomia wanatumwa mbali siku zote, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Majina ya Kizungu yakaondolewa, na nguo nazo zikafuata. Mwanaume akapewa abakosti, jina linalotoka kwenye maneno ya Kifaransa ya kupinga kositimu. Ni koti lenye kola ya kusimama, kama la Mao, linavaliwa bila shati ya kola wala kravati. Wakubwa walifunga kitambaa laini shingoni na kubandika nembo ya MPR kifuani. Mwanamke akakatazwa suruali, sketi fupi, wigi na dawa za kung'arisha ngozi. Akaambiwa avae kitenge na libaya, basi.

Sasa angalieni vizuri. Hiyo nguo ya "uhalisi wa Mwafrika" ilishonwa wapi? Abakosti zenye sifa kubwa, zile za wakubwa wa chama, zilikuwa za Arzoni, kiwanda cha Zellik, kando ya Brussels. Na kitenge cha waksi ambacho mama zetu waliambiwa ni chetu, kile cha bei kali kilitoka Helmond, Uholanzi, kwa Vlisco, ambao wanafanya kazi hiyo tangu 1846, na walianza kwa kuiga batiki za Java. Sisemi hivyo kuchekesha kitenge. Mama zetu wamekifanya kiwe chetu kwa kukipa majina na kukirithisha. Lakini aliyechukua mkasi wa sheria kukata suruali ya msichana kwa jina la babu zetu, yeye mwenyewe alikuwa amevaa nguo ya Ubelgiji mwilini.

Tusifikiri Mobutu alikuwa peke yake. Tanzania, Oktoba 1968, umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, wigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Huko pia chuo kikuu kilikuwa kimeshaonyesha kwamba nguo inaweza kusema: Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda kwa Nyerere kupinga jeshi la kujenga taifa, na walivaa majoho yao ya chuo. Nyerere akawafukuza karibu 400. Joho lilikuwa limewekwa liwatofautishe na watu wa kawaida, na siku ile njo kitu kilichomkasirisha Mwalimu, naamini, sawa na maneno yao.

Kwetu jibu la vijana lilikuja kwa mlango mwingine. Miaka ya 1970 na 1980, Kinshasa na Brazzaville, Sape ikakua. Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977, aliwafundisha vijana kutaja majina ya washonaji wa Italia na Japani kama watu wanaotaja miji ya kwao. Wengi wanasema Sape ni upumbavu wa watu wenye njaa. Sikubali kabisa, na sikatai kabisa. Katika nchi ambapo koti moja tu ndilo lenye ruhusa, kijana anayefunga kravati ya hariri barabarani anasema jambo ambalo hakuna gazeti lingelichapisha.

Halafu tarehe 24 Aprili 1990, kule N'sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba ile ile, pamoja na mambo makubwa ya vyama na katiba, alisema raia wanaweza tena kuvaa kositimu na kravati. Yeye mwenyewe alibaki na abakosti yake. Mimi nashangaa kila mara: kravati ilikuwa na uzito wa kutosha kuingia katika hotuba kama hiyo.

Na ruhusa hiyo haikumlinda mtu. Usiku wa tarehe 11 kuingia 12 Mei 1990, siku 17 tu baadaye, kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Serikali ilikubali mfu mmoja. Wengine walihesabu makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake. Kwa wengi wetu wa Katanga hiyo si historia ya kitabu, ni yaya wa mtu, mjomba wa mtu.

Njo maana siwezi kusikia neno "desturi" juu ya mavazi nikanyamaza. Hapa Dilala leo, ukisimama njiani asubuhi, utaona mitindo yote pamoja: kijana wa mitumba aliyechagua shati moja kati ya mia na kulivaa kama la dukani, mwenye jile ya kung'aa na mabuti ya sosiete ya migodi, hata kama kazi yenyewe iliisha mwaka jana, maana mabuti hayo yanampa heshima kuliko vesti, msichana wa libaya, msichana wa jinzi. Wote wanakwenda masomo. Mwenzangu mmoja wa promosyo alirudishwa mlangoni siku ya mtihani kwa sababu ya suruali. Ilikuwa pana, safi, alitoka nayo shambani kwenye zoezi la vitendo. Alipoteza mtihani ule na akarudia mwaka. Wazazi wake walilipa mara mbili. Asistenti aliyemrudisha alizungumza juu ya utamaduni wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kumjibu kwamba utamaduni huo una tarehe, na tarehe yenyewe ni ya MPR.

Chuo kiombe usafi, sawa. Kiombe blauzi katika maabara na mabuti shambani, hayo yana sababu, asidi na nyoka hawacheki. Lakini kravati ya kutetea memuari juu ya mihogo haimkingi mtu na kitu.

Mshonaji mmoja wa mtaani kwetu aliniambia mwezi uliopita kwamba vijana wameanza kumwomba koti la kola ya kusimama, lile la bazee, la kitambaa cha kijivu. Mmoja alikuwa mfinalisti, alitaka kulivaa mbele ya juri. Lilikuwa limekwisha kushonwa, vifungo tayari, wakati ujumbe wa idara ulipofika kwenye simu: kravati ni lazima. Koti bado limetundikwa pale dukani, linauzwa.