Ngoma Haina Dini, Ila Ina Kumbukumbu

Kila baada ya miezi michache vita vinarudi kanisani. Si vita vya Biblia, ni vita vya biti. Vijana wanataka amapiano kwenye sifa, wazee wanasema hiyo ni ya klabu, pasta anaketi katikati akiombea amani, na sisi wenye maiki tunabaki tukiangaliana. Mimi naongoza sifa hapa Ndithini, Masinga, na hii kesi imeletwa kwangu mara nyingi hadi nikaamua kuifuata mpaka ilikotoka. Kila upande huongea kana kwamba historia iko nyuma yake. Hebu basi tuiangalie hiyo historia yenyewe.

Tuanze na waliotuletea kitabu cha nyimba. Africa Inland Mission, ile iliyozaa AIC, ilianzishwa mwaka wa 1895 na Peter Cameron Scott. Jamaa alizaliwa Glasgow, akahamia Philadelphia, Marekani, akiwa bado mtoto, na kabla ya kuwa mmishenari alikuwa amesomea kuimba. Sauti yake ilikuwa inamvuta kwa jukwaa la opera. Badala yake akapanda meli. Desemba 1895 yeye na wenzake wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, ambako leo ni Kaunti ya Makueni. Desemba 1896 akafariki kwa homa, akiwa hajafikisha miaka 30.

Kwa hivyo aliyeongoza hiyo misheni kuingia Ukambani alikuwa mwimbaji. Na hakufika mahali palipo kimya. Alikuta watu wenye muziki wao tayari: nyimbo za kazi, za kubembeleza mtoto, za vijana kuonyeshana nani anaruka vizuri. Na alikuta ngoma.

Hapo kuna jina moja ambalo lazima ulijue ndiyo hii hadithi ieleweke: kilumi. Kilumi si burudani ya arusi. Ni ngoma nzito ya kina mama wazee, ngoma kubwa zikipigwa kwa muda mrefu mpaka mtu anapandwa na aimu, yaani roho. Ilichezwa kuomba mvua na kutibu wagonjwa, na ilishikana na mathembo, zile sehemu takatifu za kutolea sadaka chini ya miti mikubwa. Mtu akikuambia kilumi ni "utamaduni tu", ameikosea heshima. Ilikuwa ibada kamili, na waliokuwa wakiicheza walijua wanaongea na nani.

Sasa fikiria maisha ya huku kwetu. Ndithini ni kukavu. Mvua ikikosa, mahindi yanasimama kama vijiti na hata ndengu, ambayo huvumilia jua, inakata tamaa. Mwaka wa kiangazi, mtu aliyebatizwa anaambiwa kina mama wanaenda kilumi, anasema haendi. Kwa majirani, huyo mtu hajakataa densi. Amekataa kuomba mvua pamoja nao. Waliookoka wa kwanza Ukambani walilipa bei hiyo, na waliilipa nyumbani kwao, mbele ya mama zao na shemeji zao.

Hii ndiyo sehemu tunayoiruka sisi vijana. Tumezoea hadithi fupi: wazungu walikuja, wakasema ngoma ni ya shetani, tukaitupa. Kuna ukweli ndani yake, wamishenari wengi waliogopa kila kitu kilichokuwa na mdundo. Lakini ukiiacha hapo, umewafanya babu na bibi zetu kuwa watoto walioambiwa tu la kufanya. Wengi wao walichagua. Walijua kilumi kutoka ndani kuliko mmishenari yeyote, na ndiyo sababu waliiacha nje ya mlango.

Shida ni kwamba mlango ulipofungwa, haukuchagua. Kilumi ikabaki nje, na pamoja nayo zikabaki nyimbo nyingi ambazo hazikuwa na aimu yeyote ndani yake. Nafasi ikajazwa na tuni kutoka Uingereza na Marekani, zikavalishwa maneno ya Kikamba na Kiswahili. Na hapo kuna tatizo ambalo naliona kila Jumapili nikifundisha kwaya.

Sema neno "mkombozi". Uzito uko kwenye "mbo", silabi ya pili kutoka mwisho, kama karibu kila neno la Kiswahili. Lakini tuni nyingi za Kiingereza zimejengwa ili mstari uishie kwa silabi nzito. Ukitafsiri, noti kubwa ya mwisho inaangukia "zi", na unajikuta ukiimba "mkomboZI" kama mtu anayesoma Kiswahili kwa mara ya kwanza. Kikamba kinaumia zaidi, kwa sababu ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana inaweza kubadilika, na irabu ndefu si sawa na irabu fupi. Tuni iliyotungwa kwa Kiingereza haijui hayo yote. Inapanda panapotakiwa kushuka. Waliotutangulia waliimba hivyo kwa imani yote, na nyimbo zile ziliwashika mkono kwenye matanga na njaa. Mimi nazipenda. Lakini usiniambie hiyo ndiyo sauti halisi ya mbinguni. Ni nguo ya mtu mwingine ambayo tumeivaa mpaka ikachukua umbo letu.

Na kama unadhani ala za wazungu zilizaliwa kanisani, subiri kidogo.

Kinanda cha mabomba, kile kikubwa cha makanisa ya Ulaya, kilitoka Afrika. Mtu aitwaye Ctesibius alikiunda Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, kikitumia maji kusukuma hewa. Warumi wakakipenda, wakakipeleka kwenye viwanja vya michezo. Huko Zliten, Libya, ilipatikana picha ya kale ya vijiwe vya sakafuni inayoonyesha kinanda hicho kikipigwa huku watu wanapigana kwa silaha. Sasa jiweke kwenye viatu vya Mkristo wa miaka ile, ambaye anajua ndugu zake wamefia uwanjani. Umwambie umeleta kinanda kwa ibada! Makanisa ya kwanza yaliimba kwa sauti tupu kwa karne nyingi, na makanisa mengi ya Orthodox bado yanafanya hivyo hadi leo. Mwaka wa 757 mfalme wa Byzantium alimtumia Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi ya kifalme. Baada ya hapo, polepole, kikaanza kuingia makanisani upande wa magharibi. Waliokumbuka uwanja wa michezo walikuwa wameshakufa zamani.

Mfano mwingine uko karibu na kwetu. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka wa 1921, na lilikuja na tarumbeta na ngoma. Ngoma kabisa, kubwa, inapigwa barabarani. Kule Uingereza karne ya 19 walidhihakiwa na hata kushambuliwa kwa kelele hizo, na tuni kadhaa walizichukua kwa nyimbo za baa wakazibadilisha maneno. Walipofika hapa, ngoma yao ilikuwa ngoma ya kanisa tayari. Kwa hivyo kwenye nchi moja, miaka ileile, ngoma kutoka London ilipita mlango wa mbele na ngoma ya Ukambani ikabaki nje. Zote ni ngozi imevutwa juu ya duara. Tofauti ilikuwa kile watu walichokumbuka wakiisikia.

Wakatoliki walifungua mlango wao mapema kuliko wengi wetu. Mwaka wa 1958 huko Kamina, Kongo, padri Mbelgiji aitwaye Guido Haazen na kwaya yake waliimba misa ya Kilatini kwa tuni na ngoma za Kikongo. Ndiyo Missa Luba, iliyozunguka dunia nzima. Miaka mitano baadaye, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati kuhusu liturujia iliyosema muziki wa wenyeji upewe heshima yake katika ibada. Baadaye kwaya ya Kenya, Muungano National Choir ya Boniface Mganga, ikairekodi misa hiyo upya.

Halafu kuna gitaa. Upande wetu huu ndiko alikotoka Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, aliyefariki mwaka wa 1987. Benga yake ilikuwa muziki wa baa na wa redio, na mtu aliyeokoka enzi hizo hakutaka kuonekana akitingisha kichwa. Leo sikiliza injili ya Kikamba inayopigwa kwenye matatu ya Matuu. Gitaa ni lilelile linalokimbia juu, besi inaongea, dramu inapiga moja kwa moja bila kupumzika. Mama anayekataza amapiano anaicheza hiyo benga na leso mkononi, na anabarikiwa kweli.

Kwa hivyo vijana wenzangu watasema: si unaona? Kila kitu huitwa cha shetani halafu kinaokoka. Leta biti!

Polepole. Nina jambo kwa kila upande.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu, umri wake umepita miaka 80. Siku moja mazoezini kijana alipiga mdundo fulani kwenye ngoma, akicheza tu. Mama akaacha kufagia. Baadaye akaniita kando, akaniambia kwa Kikamba kwamba akisikia ule mdundo hasikii muziki. Anamwona mama yake mzazi akianguka chini na watu wakimzunguka. Hakunikaripia, wala hakuniomba nikataze chochote. Alitaka tu nijue.

Tangu siku hiyo nimeacha kusema kwamba ala haina shida. Ni kweli ngoma haina dini. Hakuna ngozi iliyookoka wala gitaa lililopotea, na Zaburi ya 150 imetaja matari na matoazi bila kuomba radhi. Lakini ngoma ina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inakaa ndani ya watu, si ndani ya ngoma. Mtu aliyetoka klabu mwezi uliopita, anayepigana na pombe kila Ijumaa, akisikia biti fulani mwili wake unakumbuka mahali. Huwezi kumwambia "ni muziki tu". Kwako ni muziki tu. Kwake ni anwani.

Kwa wazee wangu, na nasema kwa heshima: kumbukumbu zenu ni za kweli, ila si amri ya milele. Kijana aliyezaliwa mwaka wa 2006 hajawahi kuona kilumi. Ngoma ya ngozi kwake ni tamasha la muziki la shule, ni sare na cheti. Mkimwambia ina roho, anaona mnamzungusha. Mwambieni mlichoona. Hadithi ya yule mama ilinifundisha kuliko makatazo yote niliyowahi kusikia.

Kwa sisi vijana: kabla ya kuleta sauti mpya, tuulize inamkumbusha nani nini. Na swali la pili ambalo mimi hulitumia kila wiki nikichagua nyimbo: je, watu wataimba? Sizungumzii kucheza wala kurekodi kwa simu. Kama kiti cha nyuma kimenyamaza na sisi sita wa mbele tunatokwa jasho, hiyo ni shoo, hata kama tunapiga wimbo wa mwaka wa 1707, ule mwaka Isaac Watts alitoa kitabu chake cha nyimba wakati Waprotestanti wengi wa Uingereza waliamini Zaburi pekee ndizo za kuimbwa kanisani. Naye pia alikuwa kijana mwenye mambo mapya.

Ninachohofia zaidi si amapiano. Biti zitakuja na kuondoka. Ninachohofia ni kwamba wale kina mama wanaojua nyimbo za zamani, zile ambazo hazikuwa na aimu, za kupura nafaka na kubembeleza mtoto, tunawazika mmoja mmoja, na hakuna aliyekaa nao chini. Tuni zilizotungwa na watu waliojua toni ya Kikamba zinaingia kaburini, halafu tunalipia somo la gitaa mtandaoni tukitafuta "sauti ya Kiafrika".

Kama susu yako yuko hai, likizo hii nenda na simu yenye chaji. Muulize aliimba nini akiwa msichana. Muulize pia ni nini alikataa kuimba, na kwa nini. Mpe muda, usimkatize. Rekodi yote mawili.