Namba 4 ilikotoka

Wanaume wanaokuja maabara kutolewa damu ya PSA, kipimo cha tezi dume, huniuliza swali moja: "Imevuka 4?" Nimezeekea kwenye kazi hii, nami huwajibu kwa heshima kwamba majibu atawasomea daktari. Lakini hiyo 4 ina historia yake, na kila mwanaume aliyefika miaka hamsini anastahili kuijua.

Kabla ya PSA, maabara zilipima kimeng'enya kiitwacho asidi fosfatesi. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walikifuatilia katika damu ya wagonjwa ambao saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika mifupani. Mgonjwa akitolewa korodani, kimeng'enya kilishuka. Akichomwa sindano ya homoni ya kiume, kilipanda. Ikajulikana kwamba saratani hii hulishwa na homoni za mwenye mwili. Huggins alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hadi leo wagonjwa wetu wanatibiwa kwa kushusha homoni hizo. Kimeng'enya chenyewe hakikufaa kubaini ugonjwa mapema, kwa kuwa mara nyingi kilipanda saratani ikiwa imeshatoka nje ya tezi.

Mwaka 1970 Richard Ablin aliandika juu ya antijeni ya tezi dume. Mwaka 1979 kikundi cha T. Ming Chu, katika taasisi ya Roswell Park mjini Buffalo, kikaitenga protini tunayoiita PSA. Protini hii hutengenezwa na tezi dume yoyote, nzima au mbovu. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa zilizoganda. Tezi ikikua kwa uzee, au ikipata maambukizi, PSA hupanda vilevile. Kila mwanafunzi anayeletwa kwangu namwambia: hapa tunapima tezi, saratani hatujaiona bado.

Ndiyo maana Marekani, mwaka 1986, iliidhinisha kipimo hiki kwa ajili ya kuwafuatilia watu waliokwisha kukutwa na saratani. Kwenye kazi hiyo hakina mpinzani: tezi ikishatolewa yote, PSA hukaribia sifuri, na ikianza kupanda tena, daktari anajua la kufanya. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kutafuta saratani kwa wasio na dalili, sambamba na kipimo cha kidole, na 4 ikawa mpaka. Wengi wakakatwa vinyama vya kupimwa, wakapasuliwa, wakapigwa mionzi, baadhi yao kwa saratani ambayo isingewaua kamwe. Wako waliobaki hawazuii mkojo, nguvu za kiume zimekwisha. Ablin mwenyewe alipinga hadharani.

Mpaka wenyewe nao ukayumba. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya Wamarekani karibu 3,000 ambao PSA yao haikuvuka 4. Walipokatwa vinyama, asilimia 15 walikutwa na saratani. Mwaka 2009 utafiti mkubwa wa Ulaya ulionyesha kuwa upimaji hupunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 20, ila ili kuokoa mmoja, wengine 48 walitibiwa. Takriban wote walioshiriki tafiti hizo walikuwa wazungu, ilhali Marekani kwenyewe weusi ndio wanaouawa zaidi na ugonjwa huu.

Kwa hiyo, baba zangu na kaka zangu, msikimbie kipimo, hata cha kidole, hasa kama baba au ndugu wa tumbo moja aliugua. Mkipewa namba, ulizeni tezi ina ukubwa gani, kama kuna maambukizi, na kipimo kilichopita kilisomaje, kabla hamjakubali kisu.