Huduma za wingu: aina zake kuu na matumizi yake mpakani Tunduma

Huduma za wingu ni ukodishaji wa uwezo wa kompyuta kupitia mtandao. Kinachokodishwa kinaweza kuwa nafasi ya kuhifadhi data, nguvu ya kuichakata, au programu nzima iliyo tayari kutumika. Mtumiaji hanunui mashine wala haziweki ofisini kwake. Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kupewa Vwawa iwe makao makuu, huduma hizi hugusa maisha zaidi Tunduma. Malori yaendayo Zambia na Kongo hayavuki pale kabla nyaraka zake hazijapita kwenye mifumo. Dereva anayeambiwa mfumo uko chini huenda akalala foleni na lori zima lisilo na hitilafu yoyote, kwa sababu ya seva ambayo haiko Songwe kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961 John McCarthy, akiwa chuo cha MIT nchini Marekani, alisema iko siku uwezo wa kompyuta utauzwa kama umeme au simu. Soko lilichelewa. Amazon ilifungua S3, ghala lake la data, Machi 2006, kisha EC2, seva za kukodi, Agosti mwaka huohuo. Google ikaleta App Engine mwaka 2008 na Microsoft ikafungua Azure mwaka 2010. Septemba 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa fasili ambayo wataalamu wengi huifuata hadi leo, yenye njia tatu za kutoa huduma na aina nne za umiliki. Majina ya njia hizo huwatisha wageni bila sababu. Swali la msingi ni moja: kitu kikiharibika, nani anakitengeneza?

Kwenye miundombinu kama huduma, mteja hukodi seva pepe, diski na mtandao. Mwenye kituo hushughulikia jengo, umeme, viyoyozi na vyuma. Mfumo endeshi, masasisho ya usalama na nakala za akiba hubaki juu ya mteja. Hapa nchini mfano ulio wazi ni Kituo cha Taifa cha Data, NIDC, kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na kinachoendeshwa na TTCL. Kampuni ya usafirishaji inaweza kuweka mifumo yake huko badala ya kununua seva ya kukaa chini ya meza Tunduma, pamoja na vumbi na umeme unaokatika. Lakini ihakikishe ina fundi. Wengi hudhani ukikodi seva umekodi na mlinzi wake, na seva isiyosasishwa hudukuliwa kituoni kama ambavyo ingedukuliwa ofisini.

Jukwaa kama huduma halionekani sana machoni pa watu wa mpakani, kwa kuwa wateja wake ni watengenezaji wa programu. Kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya akitaka kuunda programu ya kufuatilia malori, huleta msimbo wake tu. Jukwaa humpa mfumo endeshi, hifadhidata na uwezo wa kupokea watumiaji wengi. Kasoro yake ni kwamba programu huzoea jukwaa moja, na kuhama ni kazi. Heroku, iliyoanza 2007 na kupendwa na wanafunzi kwa sababu ya ngazi yake ya bure, iliifuta ngazi hiyo Novemba 2022. Waliokuwa nayo walilipa au walihama.

Programu kama huduma ndiyo aina ambayo karibu kila mtu huitumia. Gmail na Google Drive ni za kundi hili: mtumiaji huleta kivinjari na neno la siri, mengine yote ni ya mtoaji. Wataalamu wanaweza kubishana kama mifumo ya Serikali ihesabiwe humu, maana mwananchi haikodi. Kwa wakala wa forodha wa Tunduma, ubishi huo haumpunguzii kazi. Tamko la mzigo analiingiza kwenye TANCIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato ulioanza 2014 na kuchukua nafasi ya ASYCUDA++. Malipo ya Serikali huyafanya kwa kontroo namba inayotoka kwenye GePG, mfumo ulioanzishwa 2017. Leseni ya biashara anaiomba kwenye TAUSI ya TAMISEMI. Huko Mbozi, vyama vya wakulima wa kahawa, kama vyama vingine vya ushirika nchini, huwasilisha taarifa zao kupitia MUVU. Hakuna hata mmoja wa mifumo hii unaohitaji kusakinishwa kwenye kompyuta ya chama au ya wakala.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, Zambia hutumia ASYCUDA World, iliyotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Kituo cha huduma kwa pamoja, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kiliwaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Mifumo yao ilibaki miwili. Hata saa hazilingani, kwani Nakonde iko nyuma ya Tunduma kwa saa moja. Ndiyo maana mifumo iliyosanifiwa vizuri huhifadhi muda kwa saa ya dunia, kisha humwonyesha kila mtumiaji saa ya kwao.

Kwa umiliki, wingu la umma ni lile ambalo yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kulikodi. Wingu binafsi hutumikia taasisi moja. Wingu la jumuiya hutumikia taasisi zenye masharti yanayofanana, na vituo vya data vya Serikali vinavyotumiwa na taasisi nyingi, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya 2019, vinakaribia sana maelezo hayo. Wingu mseto huunganisha aina mbili au zaidi.

Mahali seva ilipo si jambo dogo. Vituo vikubwa vya wingu la umma vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Azure ilifika Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Siku kama hiyo, huduma iliyohifadhiwa Kijitonyama kimsingi inaweza kufikiwa na mtu wa Tunduma kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaofika hadi mpakani na kuungana na Zambia, bila kupita baharini. Ila hiyo ni kama programu haitegemei kitu kingine kilicho nje, mfano barua pepe ya kuthibitisha neno la siri. Wanunuzi wa huduma hizi husahau kuuliza hilo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza swali jingine. Wakala anayeweka nakala za pasipoti na namba za simu za wateja kwenye wingu la umma ndiye mkusanyaji wa taarifa hizo. Kukodi hifadhi kwa kampuni ya nje hakumwondolei wajibu. Anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake, hata kama usafirishaji wenyewe ni kubonyeza kitufe cha kupakia faili.